Noti ni Deni

Lugha yetu ya Kiswahili ina majina mengi ya kitu kimoja kinachotafutwa na watu wote. Tusemapo fedha, twatumia neno la Kiarabu ambalo maana yake ya asili ni madini meupe yang'aayo. Tusemapo pesa, twataja sarafu ndogo iliyoletwa na biashara ya Bara Hindi. Tusemapo noti, twatamka neno la Waingereza. Na ndugu zetu wa Tanzania wasemapo hela, wanataja, aghalabu bila ya kujua, sarafu ya Wajerumani iliyoitwa Heller, ambazo mia moja zilikuwa rupia moja. Utawala wa Wajerumani katika Afrika Mashariki ulikwisha zaidi ya miaka 100 iliyopita, na sarafu yao leo hainunui dukani hata kiberiti. Jina lake, hata hivyo, lingali hai vinywani mwa mamilioni ya watu.

Jina limebaki. Je, deni liko wapi? Nauliza hivyo kwa sababu Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, hawakuacha jina tu. Waliacha pia karatasi nyingi walizozitoa wakati wa vita ziwe badala ya fedha, na juu ya karatasi hizo waliandika ahadi ya malipo. Wako watu wa siku hizi wazitazamao karatasi hizo kwa kustaajabu, wakausifu ujuzi wa waliozibuni, wakazinunua mnadani na kuzihifadhi nyuma ya vioo. Sina ugomvi na mtu apendaye vitu vya kale. Ugomvi wangu ni na fundisho linaloambatana na sifa hizo: kwamba penye dharura mtawala aweza kuumba fedha kwa karatasi na wino, na kwamba kufanya hivyo ni werevu unaostahili kuigwa. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Noti ni ahadi iliyopigwa chapa. Basi noti nayo ni deni, na dharura haifuti deni. Mtu asiyeuliza noti ilimfia nani mkononi hajaisoma noti hiyo, hata akiijua tarehe yake na rangi yake.

Tuanze na Ujerumani kwenyewe. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, watu walizificha sarafu zao kwa hofu. Dhahabu na fedha zilitoweka sokoni. Baadaye shaba na nikeli zikatakiwa viwandani kwa kazi ya silaha. Mwuza mikate hakuwa na chenji ya kumrudishia mnunuzi, wala tajiri wa kiwanda hakuwa na fedha ndogo za kuwalipa vibarua. Ndipo halmashauri za miji, viwanda na benki za akiba zilipotoa vijikaratasi vyao wenyewe vya thamani ndogo. Wajerumani waliviita Notgeld, yaani fedha za dharura. Hazikuwa kazi ya mji mmoja au miwili. Maelfu ya miji na makampuni yalizitoa, kila mmoja kwa alama yake.

Mwanzoni jambo hili lilikuwa na haki yake. Mji ulitoa karatasi, na ofisi ya mji ilikuwa pale pale, mwendo wa dakika chache kutoka sokoni. Aliyekuwa na shaka aliweza kwenda kugonga mlango na kudai chake. Lakini vita vilipokwisha mwaka 1918, tamaa ilichukua nafasi ya haja. Miji iligundua kwamba wakusanyaji hupenda picha. Zikapigwa chapa noti zenye picha za ngano, majumba ya kale na mizaha, ambazo nyingi hazikukusudiwa kununua kitu chochote. Mji uliiuza karatasi kwa mkusanyaji. Mkusanyaji aliifungia katika kitabu chake. Siku ya mwisho ya malipo ikapita. Na mji ukabaki na pesa za watu. Mwaka 1922 serikali ya Ujerumani iliipiga marufuku biashara hiyo.

Marufuku hiyo ilitolewa na serikali ambayo mikono yake yenyewe haikuwa safi. Ilikuwa ikichapa noti zake bila ya kipimo ili ijipatie fedha za gharama zake, na mwaka 1923 kipimo kilipotea kabisa. Miji nayo ilirudi kuchapa, safari hii noti za mamilioni na mabilioni, kwa kuwa mitambo ya serikali haikuweza kushindana na mbio za bei. Mji wa Bielefeld ulichapa noti hata juu ya hariri. Katika mwezi wa Novemba 1923, dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2, na mkate mmoja mjini Berlin uliuzwa kwa marki zipatazo bilioni 200. Hatimaye ilitolewa fedha mpya, na kipande kimoja cha fedha hiyo kikachukua nafasi ya marki trilioni moja za zamani.

Wakusanyaji hutuonyesha noti ya hariri wakatuomba tuusifu uzuri wake. Mimi naomba tuitazame hesabu. Mtu aliyekuwa na deni kubwa alilipa deni lake lote kwa bei ya kiberiti. Mwenye shamba alibaki na shamba lake, na mwenye kiwanda alibaki na kiwanda chake. Lakini mjane aliyeweka akiba benki, na mzee aliyetegemea malipo ya uzeeni, waliamka asubuhi wakakuta kazi ya maisha yao yote haifikii bei ya mkate. Kwa hiyo si kweli kwamba thamani ya fedha zile iliyeyuka hewani kama ukungu wa asubuhi juu ya vilima vya Manga. Ilitoka mkononi mwa mmoja ikaingia mkononi mwa mwingine. Kila noti iliyokufa ilimsamehe mtu deni, na kila msamaha wa namna hiyo ulilipwa na mtu ambaye hakuombwa ruhusa.

Mambo haya yalikuwa yamekwisha kutendeka karibu na kwetu, tena kwa ukali zaidi, kabla ya kutendeka katika miji ile. Wajerumani walipoitawala nchi ambayo baadaye iliitwa Tanganyika, ilianzishwa mwaka 1905 benki yenye idhini ya kutoa noti za rupia. Noti zake za kwanza zilipigwa chapa Ulaya kwa ustadi. Vita vilipoanza, manowari za Waingereza ziliifunga bahari, na noti mpya hazikuweza kufika. Kuanzia mwaka 1915 benki ilitoa noti za muda zilizochapwa nchini humo, kwa karatasi iliyopatikana, zikatiwa sahihi na makarani. Mwaka 1917, jeshi la Wajerumani lilipokuwa likirudi nyuma upande wa kusini, zilitolewa noti ambazo wakusanyaji huziita noti za porini. Husemekana kwamba zilipigwa kwa herufi za mpira za namna wanayochezea watoto.

Katika vita hivyo hivyo Wajerumani walitengeneza pia sarafu ya dhahabu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa sarafu zipatazo 16,000 za rupia 15 kila moja, zenye sura ya tembo na mlima nyuma yake. Dhahabu yake ilitoka katika mgodi wa Sekenke. Fikiri sana juu ya jambo hili, ewe msomaji. Mtawala mmoja, katika vita vimoja, alitoa dhahabu na karatasi. Sarafu ile ya dhahabu ina thamani hata leo, hata ukiiyeyusha ukaifuta sura ya tembo. Karatasi ilikuwa na thamani siku zile tu ambazo bunduki ya aliyeitoa ilikuwa karibu.

Noti za muda zilidai juu ya uso wake kwamba zilikuwa na dhamana kamili mikononi mwa serikali ya koloni. Serikali yenyewe ilikuwa ikikimbia! Dar es Salaam ilitekwa tarehe 4 Septemba 1916. Tabora ikatekwa na Wabelgiji siku ya 19 ya mwezi huo. Mwezi wa Novemba 1917 jenerali wao, Lettow-Vorbeck, alivuka mto Ruvuma akaingia Msumbiji, na Novemba 1918 aliweka silaha chini huko Abercorn, mji ambao leo ni Mbala wa Zambia. Sasa mtu wa kijijini, aliyeuza mtama au mbuzi wake akapewa noti ya muda, angeipeleka kwa nani? Benki iliyoahidi ilikuwa imefungwa. Serikali iliyodhamini ilikuwa imeshindwa. Waingereza walioingia hawakuikubali karatasi ile kuwa fedha halali yao. Wala asiambiwe kwamba angeikataa tangu mwanzo, maana katika nchi iliyo chini ya amri ya jeshi mkulima hana nafasi ya kusema, "Sitaki."

Yako mapokeo moja yanayoupima uaminifu wa wakubwa. Mwaka 1964, serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wazee wa Kiafrika waliolitumikia jeshi lile na ambao walikuwa hai bado. Husimuliwa kwamba katika mji wa Mwanza walikusanyika wazee wapatao 350, na kwamba ni wachache tu waliokuwa na vyeti vya utumishi wao. Kwa hiyo wengine walipewa ufagio badala ya bunduki, wakaamrishwa kwa Kijerumani kufanya mazoezi ya silaha, na waliokumbuka amri walilipwa. Watu huicheka hadithi hiyo. Mimi naona ndani yake ushahidi mzito. Deni la mwaka 1918 liliweza kulipwa mwaka 1964, miaka 46 baadaye, mara mwenye kudaiwa alipotaka. Basi asitokee mtu wa kutuambia kwamba deni likikaa sana huoza. Lakini malipo yale yalikuwa ya askari. Mkulima aliyeuza mtama wake hakuitwa Mwanza.

Msomaji wa Kisii au wa Nyamira asidhani kwamba habari hizi ni za watu wa mbali. Ukishuka kutoka Kisii ukapita Migori, utafika Isebania, na hapo ndipo mpaka ulipo. Mwezi wa Septemba 1914 jeshi la Wajerumani liliuvuka mpaka huo likaingia katika mji wa Kisii, ambao maofisa wa Kiingereza walikuwa wameuacha. Tarehe 12 vilipigwa vita vikali mjini, kisha Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika siku hizo za kukosa serikali, baadhi ya watu walipora ofisi, maduka na misheni. Waingereza waliporudi walichoma nyumba na kutwaa ng'ombe wa Abagusii. Wapiganapo tembo wawili, nyasi ndizo ziumiazo. Dola mbili za Ulaya ziligombana, na gharama ikatolewa katika mazizi ya Gusii. Kisha vijana wetu wakachukuliwa kuwa wapagazi wa jeshi la Kiingereza, katika kikosi ambacho jina lake limebaki katika Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi. Wengi hawakurudi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao.

Nayataja hayo ili mtu asinidhanie kwamba nawashitaki Wajerumani peke yao. Upande wetu wa mpaka fedha ilikuwa rupia, na rupia 15 zilikuwa sawa na pauni moja. Baada ya vita bei ya madini ya fedha ilipanda duniani, na thamani ya rupia ikapanda nayo. Mwaka 1920 serikali iliifunga rupia kwa shilingi mbili za Kiingereza, ikatoa florini mahali pake, na mara baada ya florini ikaja shilingi. Kwa muda wa miaka miwili hivi mtu wa Kenya alishika fedha za majina matatu. Mwaka 1921 rupia ilikoma kuwa fedha halali. Maofisa waliandika tangazo. Lakini mzee aliyezifukia rupia zake chini ya sakafu ya nyumba, asiyejua kusoma na akaaye mbali na boma, tangazo lingemfikia kwa njia gani na kwa siku ngapi?

Matajiri wa mashamba walilalamika kwamba mabadiliko yale yamewazidishia madeni yao. Labda malalamiko yao yalikuwa ya kweli. Lakini tazama dawa waliyoichagua: mwaka 1921 waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, na wakati huo huo kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Mzigo wa fedha ulitupwa kutoka bega moja hata bega jingine mpaka ukamfikia mtu asiye na wa kumtupia. Mwaka huo huo Harry Thuku na wenzake walianzisha chama chao mjini Nairobi, na mwezi wa Desemba watu wa Nyanza walikutana Lundha wakaunda chama cha vijana wa Kavirondo. Wako waliosema wakati ule kwamba Waafrika walipiga kelele kwa kuwa hawakuielewa fedha. La! Walipiga kelele kwa kuwa waliielewa vizuri mno.

Hapa najua nitapingwa. Mpinzani wa kwanza atasema: "Je, ungependa watu wafe njaa kwa kukosa chenji? Penye dhiki, karatasi si afadhali kuliko kukosa?" Swali hili ni la haki, nami nalijibu kwa haki. Sikatai karatasi, nakataa karatasi isiyo na mlipaji. Babu zetu wa Gusii walikuwa na kazi za ushirika ziitwazo risaga. Leo majirani walilima shamba langu, kesho nami nilikwenda kulima lao. Hapakuwa na fedha wala karatasi, bali palikuwa na deni, na deni lililipwa kwa sababu mdaiwa na mdai walichota maji katika kijito kimoja. Fedha ya dharura iliyo njema ni ile inayofanana na risaga: mdogo wake ni wa kiasi, na mdaiwa wake ni wa karibu.

Tumeona mfano wa jambo hilo hapa Kenya. Mwaka 2013, katika mtaa wa maskini uitwao Bangladesh, mjini Mombasa, wafanyabiashara wadogo walikubaliana kupokeana vocha zao wenyewe walizoziita Bangla-Pesa, ili wasikose kuuziana vitu siku ambazo shilingi zimeadimika. Kila mmoja aliingia kwa hiari, na kila mmoja alijua duka la mwenzake. Haukupita muda mrefu, watu sita wakakamatwa kwa tuhuma za kutengeneza fedha za uongo. Miezi michache baadaye mashitaka yaliondolewa. Sisemi kwamba vocha zile zilikuwa dawa ya umaskini. Nasema kwamba maskini walioahidiana unga na mboga walipelekwa mahakamani, lakini historia haituonyeshi mtu aliyesimamishwa kizimbani kwa noti za porini za mwaka 1917. Mizani gani hiyo?

Mpinzani wa pili ni mwanafunzi wangu mwenyewe, na huyo nampenda zaidi. Kila mwaka hupatikana kijana darasani ainuaye mkono na kuuliza: "Mwalimu, ikiwa serikali ina mtambo wa kuchapa noti, kwa nini isichape za kututosha sote?" Maneno hayo hayo utayasikia katika soko la Daraja Mbili na katika soko la Keroka, tena kutoka kwa watu wazima. Hujibu hivi. Noti hailimi ndizi, haichumi majani ya chai, haichongi jiwe la Tabaka. Ukiongeza noti bila ya kuongeza ndizi, chai na kazi ya mikono, utakuwa umegawa mkate ule ule kwa visu vingi zaidi. Na katika mgawo huo, aliye karibu na mtambo hula kwanza, akinunua kwa bei ya jana. Aliye mbali hufikiwa na noti wakati bei imekwisha kupanda.

Asiyeamini na awaangalie majirani. Mwishoni mwa mwaka 1992, serikali ya Mobutu katika nchi ya Zaire ilitoa noti ya zaire milioni 5. Wenye maduka waliikataa. Askari walikuwa wamelipwa mishahara yao kwa noti hiyo, na walipoona hainunui kitu, walifanya fujo na uporaji mjini Kinshasa mwezi wa Januari 1993. Mwaka 1987 Uganda ilibadili shilingi zake, mia moja za zamani kwa moja mpya, na katika kubadili ikakata asilimia 30 ya fedha za watu. Mwezi wa Januari 2009 Zimbabwe ilitoa noti ya dola trilioni 100, na katika mwaka huo huo watu wake wakaiacha fedha ya nchi yao wakatumia za kigeni. Leo noti hiyo ya Zimbabwe huuzwa kwa wakusanyaji kama ilivyouzwa ile ya hariri ya Bielefeld. Mwendo ni ule ule: kwanza noti huwa chombo cha dhuluma, kisha huwa pambo, na pambo likishapendeza hakuna aikumbukaye dhuluma.

Hata katika nchi yetu tuna somo la karibu. Tarehe 1 Juni 2019 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba noti za zamani za shilingi 1,000 zitakoma kutumika mwisho wa mwezi wa Septemba. Nia iliyotajwa ilikuwa kuwaumbua walioficha fedha za haramu, nayo ilikuwa nia njema. Na miezi minne pamoja na redio na simu si sawa na tangazo la mwaka 1921. Siku ya mwisho ilipopita, noti zipatazo milioni 7.4, yaani shilingi bilioni 7.4, hazikuwa zimerudishwa. Hapana shaka nyingi ziliwafia wezi mikononi, na hilo silisikitikii. Lakini mtu mwenye dhamira huuliza pia juu ya kikongwe aliyezishona noti tatu katika godoro lake kwa ajili ya maziko yake. Serikali iliyo na uwezo wa kuifuta ahadi yake kwa siku moja lazima iwe na subira ya kumngojea mtu wa mwisho na wa mbali zaidi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeiamini ahadi hiyo bila ya kuwa na njia ya kuichunguza.

Basi kijana wa Kisii na Nyamira afanye nini na habari hizi? Kwanza ajue kwamba yeye mwenyewe huishi katikati ya karatasi za ahadi. Mzazi wake hupeleka majani mabichi ya chai kituoni, yakapimwa, naye akarudi nyumbani na risiti ya kilo. Malipo ya mwezi huja baadaye, na bonasi huja baadaye zaidi. Risiti ile ni ndugu wa noti. Ahadi ya mgombea jukwaani, cheti cha hisa, vocha ya mbolea, salio lionekanalo katika simu, yote ni ndugu wa noti. Kila moja yaweza kuwa njema, na kila moja yaweza kuwa tupu. Mtu hatajua tofauti kwa kuitazama rangi.

Ajiulize maswali matatu. Nani ameahidi? Siku ya kudai nitampata wapi? Na je, nilikuwa huru kuikataa karatasi hii wakati nilipopewa? Noti ya mji wa Ujerumani mwaka 1914 ilijibu maswali yote matatu bila ya kuona haya. Noti ya muda ya rupia haikujibu hata moja: aliyeahidi alikuwa mkimbizi, mlango wa benki ulikuwa umefungwa, na aliyepewa hakuwa na hiari. Mahali ambapo mtu hana uhuru wa kukataa, hapo ndipo wajibu wa kulipa unapozidi, wala haupungui. Hii ndiyo kanuni ambayo nataka ifundishwe pamoja na tarehe za vita na majina ya majenerali.

Na siku moja yamkini wengine katika ninyi msomao leo mtakuwa wahasibu wa vyama vya ushirika, mameneja wa benki, madiwani au mawaziri. Mtatia sahihi karatasi ambazo watu wa Borabu na Bomachoge watazipokea bila ya kuzisoma, kwa sababu wamewaamini. Dharura nazo zitakuja, kwani hakuna kizazi kilichokosa dharura. Wakati huo atakuja mshauri mwerevu awaambie kwamba wino ni rahisi na watu ni wasahaulifu. Msimkubalie. Dawa ya deni ni kulipa. Na deni la kulipwa kwanza ni lile la mtu aliye mbali, asiye na wakili, aliyeishika karatasi yenu kwa mikono miwili akidhani ameshika fedha.